Samaki hana mabawa, ana mapezi

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia, mtoto wake aliandika kwa insha kwamba "mabawa ya ngege yakikatika yanazaliwa upya" (ngege ni yule samaki tilapia), mwalimu akapigia "yanazaliwa" mstari na kuandika "yanamea" juu yake. Sasa mzazi anataka kujua ni kuzaliwa, kumea ama kuota?

Hiyo ni rahisi. Ni kuota, vile meno na nywele huota. Kumea ni kwa mimea, lakini huku bara tumesema nywele zimemea tangu zamani na nimechoka kupigana na hiyo, wacha ipite. Kuzaliwa upya hapana, hakuna kitu kimezaliwa hapo, ni samaki yule yule, kidonda kinafunikwa na ngozi, chini yake seli zinajikusanya, zinagawanyika na kujenga tena vile vijiti vya mfupa vilivyokatika. Samaki pundamilia, yule mdogo anayefugwa kwa maabara, anarudisha pezi la mkia kwa kama wiki mbili maji yakiwa na joto zuri.

Sasa huyo mwalimu. Kalamu nyekundu iko mkononi, na "mabawa" imeachwa hapo imekaa! Jamani, bawa ni la kuku, la popo, la nzige, hata la ndege ya abiria. Samaki ana PEZI, wengi mapezi, neno fupi liko kwa kila kamusi ya Kiswahili, na bado nasikia mabawa sokoni, redioni, na sasa darasani. Kuna mtu ataniambia ati kuna samaki wanaruka baharini. Wanaruka ndio, lakini kile wanachotandaza ni mapezi ya kifuani yaliyorefuka, na hawapigi kama ndege, wanateleza tu hewani halafu wanarudi majini.

Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapo Kisumu, uangalie samaki wakishushwa. Ngege ana pezi moja refu la mgongoni, mbele miiba, nyuma laini, muulize mama anayewaparua vile hiyo miiba inadunga. Mbuta mkia wake ni wa mviringo, omena wake umegawanyika panda. Kambare pezi la mgongoni linakaribia kufika mkiani na halina mwiba hata mmoja, miiba yake iko kwa mapezi ya kifuani. Halafu kamongo, mapezi yake mawili ya mbele na mawili ya nyuma ni membamba kama kamba, nionyeshe bawa hapo! Haya majina ngege, mbuta, omena na kamongo tumeyapata kwa Wajaluo na tunayatamka vizuri kabisa, kwa hivyo pezi haliwezi kutushinda.

Na pezi likiota linarudi na umbo lake, la mviringo linarudi mviringo, la panda linarudi panda, bora tu lisiwe limeng'olewa na shina lake la ndani, hapo kwa samaki wengi halirudi. Kwa hivyo mzazi, mtoto aandike: "Mapezi ya ngege yakikatika huota tena." Na hiyo insha mrudishie mwalimu, "mabawa" ikiwa imepigiwa mstari.