Ninavyochagua riwaya za waandishi wanaojichapishia

Wanaojua kwamba nasoma sana hawachoki kuniuliza: kwa nini unapoteza muda na vitabu ambavyo hakuna mchapishaji aliyevitaka? Swali lenyewe lina kasoro. Wengi wa waandishi hawa hawakukataliwa na mtu, kwa kuwa mswada hawakuupeleka popote. Walipiga hesabu zao. Kwa mchapishaji wa kawaida, kitabu hukaa mwaka mzima au zaidi tangu mkataba utiwe saini hadi kitoke, na mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, kwa nakala ya karatasi mara nyingi hauvuki asilimia 15 ya bei. Kwenye Kindle, yaani jukwaa la vitabu vya kielektroniki la duka la mtandaoni la Amazon, utaratibu kwa muda mrefu umekuwa kwamba mwandishi aliyejichapishia hubaki na asilimia 70 iwapo kitabu chake cha kielektroniki kinauzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 kikiwa nje ya hapo. Kwa mtu mwenye wasomaji wake tayari, uamuzi si mgumu.

Ila upande wetu sisi wasomaji, kuna jambo linabadilika. Katika nyumba ya uchapishaji kuna mtu analipwa kusoma miswada mibaya ili wewe usiisome. Huku kwa wanaojichapishia hayupo. Kazi hiyo umekabidhiwa wewe, na usipojua kuifanya utachoka baada ya vitabu vichache na kutangaza kwamba wote hawajui kuandika. Ninayoeleza hapa ni namna ninavyoifanya mimi.

Naanza na dondoo la bure. Maduka mengi ya vitabu vya kielektroniki hukuruhusu kusoma sehemu ya mwanzo kabla ya kulipa. Kwa Kindle huwa ni kama asilimia 10 ya kitabu. Ukurasa wa kwanza huwa siujali sana. Huo kila mwandishi ameupiga msasa mpaka unang'aa, na pengine rafiki zake wote wameusoma. Mimi natafuta mazungumzo ya kwanza ya watu wawili, kwa sababu hapo ndipo mwandishi asiyejua kazi hujifichua. Tuseme ndugu wawili wamerudi katika nyumba ya baba yao aliyefariki. Mwandishi mmoja ataandika hivi:

"Kama unavyojua, kaka, baba yetu alifariki miaka mitano iliyopita akatuachia nyumba hii tuliyokulia."

Kaka anajua. Alikuwepo mazishini! Anayeambiwa hapo ni msomaji, na kaka wa watu amegeuzwa kipaza sauti. Mwandishi mwingine, akiwa na ndugu walewale mlangoni palepale, ataandika:

"Funguo ziko wapi?"
"Palepale alipokuwa akiziweka."
"Chumbani kwake siingii."
"Basi tutalala nje."

Hakuna aliyetaja kifo, wala miaka, wala urithi, na bado nimeshajua mengi kuliko pale mwanzo. Zaidi ya hayo, nataka kujua mle chumbani kuna nini. Huyu wa pili nanunua kitabu chake hata kama jalada lake ni baya. (Na majalada mabaya yapo, jamani. Mengine utadhani yametengenezwa ndani ya basi.)

Makosa ya tahajia nayavumilia kwa kiasi. Hata vitabu vilivyopita mikononi mwa wahariri wawili hutoka na herufi zilizoruka. Nisichokivumilia ni jina la mhusika mkuu kuandikwa kwa namna mbili katika sura moja, au mtu aliyeondoka chumbani akajibu swali aya mbili baadaye. Kosa la namna hiyo linamaanisha kwamba kabla yangu hakuna aliyekisoma kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwandishi mwenyewe akiwemo.

Nyota ambazo wasomaji hukipa kitabu dukani huniambia machache. Nyota tano mara nyingi hutoka kwa ndugu na jamaa. Nyota moja mara nyingi hutoka kwa watu waliokasirika kwa sababu faili haikufunguka. Natafuta maoni yanayomtaja mhusika kwa jina na kueleza jambo alilofanya. Aliyeandika vile amesoma, na hata kama kitabu kilimchukiza, najua kilimchukiza kwa lipi. Maoni ya aina hiyo yamewahi kunifanya ninunue kitabu ambacho mtoa maoni alikuwa akinionya nisikiguse.

Tazama pia kasi ya mwandishi. Mwezi Septemba 2023 Amazon iliweka ukomo wa vitabu vipya vitatu kwa siku kwa kila akaunti ya kujichapishia. Hebu fikiria ni hali gani ilisababisha ukomo kama huo uhitajike. Siku hizi mwandishi anatakiwa kuiarifu kampuni iwapo maandishi yametengenezwa na akili bandia, lakini kwenye ukurasa wa kitabu wewe mnunuzi huoni taarifa hiyo. Nikikuta jina lisilo na historia yoyote na lina riwaya kumi na tano za mwaka huu, napita kimya kimya.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalijui: Kindle Unlimited, huduma ambayo msomaji hulipia kwa mwezi na kusoma vitabu vilivyomo, huwalipa waandishi kwa kurasa zilizosomwa, si kwa kitabu kilichochukuliwa. Ndiyo maana riwaya nyingi za mle ni ndefu na kila sura inakatikia pabaya makusudi. Na kitabu kikiwa mle, toleo lake la kielektroniki haliruhusiwi kuuzwa kwingine kwa kipindi cha siku 90, ambacho mwandishi anaweza kukirudia. Kwa hiyo ukiona kitabu ulichokiwekea alama kimetoweka kwenye duka jingine, usimtukane mwandishi. Yuko kwenye mkataba.

Sasa kuna eneo ambalo mimi nina hamu nalo zaidi na ndilo gumu kuliko yote: riwaya za maisha ya sasa, zisizo na mazimwi wala maiti kwenye sura ya kwanza. Za mapenzi, za upelelezi na za fantasia hujiuza zenyewe kwa sababu msomaji anajua anachokwenda kutafuta. Riwaya ya mama na binti wasioongea hutegemea zaidi magazeti na tuzo, na milango hiyo mingi imefungwa. Tuzo ya Booker, kwa mfano, ambayo ni tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, haipokei kitabu ambacho mwandishi ndiye mchapishaji wake. Lisa Genova, ambaye alisomea sayansi ya ubongo, alikataliwa na mawakala wanaowatafutia waandishi wachapishaji, hadi akajichapishia mwaka 2007 riwaya yake juu ya profesa anayepoteza kumbukumbu. Mchapishaji mkubwa aliichukua na kuitoa upya mwaka 2009, na filamu iliyotokana nayo ikampa Julianne Moore tuzo ya Oscar mwaka 2015. Maneno kwa sehemu kubwa yalikuwa yaleyale waliyoyasoma wasomaji wa kwanza, wakati hakuna aliyelijua jina la mwandishi. Wasomaji hao ndio ninaowaonea wivu.

Vitabu vya aina hii havipatikani kwa kutafuta "vinavyouzwa sana". Mimi huvipata nyuma ya vitabu vingine, kwenye ukurasa wa shukrani. Waandishi wanaojichapishia husomeana miswada na hutajana. Ukimpenda mmoja, chukua majina aliyoyashukuru kisha uyatafute moja baada ya jingine. Njia hiyo imenipa vitabu vizuri kuliko orodha yoyote iliyopangwa na kompyuta.

Na ukishampata, usikae kimya. Andy Weir alianza mwaka 2009 kuiweka riwaya yake ya mtu aliyeachwa Mars sura moja moja kwenye tovuti yake, bure, na wasomaji wenye ujuzi wa sayansi wakawa wanamwandikia kumsahihishia hesabu. Hao hao ndio waliomwomba toleo la Kindle, akaliweka kwa senti 99, bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa. Mchapishaji alikuja baadaye, na filamu ikafuata mwaka 2015. Mwandishi wa namna hii unaweza kumfikia moja kwa moja, na akirekebisha faili leo, mnunuzi wa siku chache zijazo anapata kitabu kilichosafishwa. Kwa hiyo makosa madogo mwandikie faraghani, ukitaja sura na sentensi yenyewe. Yale unayoandika hadharani yawe juu ya hadithi. Sentensi tatu zinatosha: kitabu kinamfaa msomaji gani, kilikushika wapi, kilikuchosha wapi. Usihukumu hadharani kitabu ulichokiacha kwenye dondoo. Kiache tu, una haki hiyo. Na usiombe nakala ya bure wala kusambaza faili uliyonunua kwenye makundi ya simu. Wengi wao mhariri na msanifu wa jalada wamewalipa kutoka mfukoni.

Ukiwa msomaji wa namna hiyo, ipo siku mmoja wao atakuomba usome mswada kabla haujatoka. Kubali kama una muda kweli. Muulize kwanza mswada umefikia wapi, maana mwandishi ambaye bado anafikiria kufuta sura mbili nzima hana haja ya kuambiwa juu ya mkato uliokosekana. Kisha msomee kama unavyosoma kitabu cha kununua, na pale unapojikuta umeshika simu bila kujua, andika namba ya ukurasa.