Maswali na Majibu: Kabla ya kuuliza ada, uliza shamba la chuo liko wapi

Dirisha la udahili likifunguliwa, maswali kuhusu vyuo vya kilimo huja kama mvua za vuli. Nimeyachagua machache.

Ni chuo kipi cha kilimo kilicho bora kuliko vyote Tanzania? (Msomaji, Dodoma)

Bora kwa zao gani, na kwa ngazi gani? Swali hili huletwa kila mwaka likiwa uchi hivi hivi. Livike kwanza, kisha ulirudishe.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne. Aombe Ukiriguru, Uyole au Igurusi? (Mzazi, Kahama)

Mzazi mwenzangu, hapo umeuliza. Thamani ya vyuo vya Wizara ya Kilimo, vile tunavyoviita MATI, haipo darasani tu, kwa kuwa vingi vimejengwa kando ya vituo vya utafiti, na mwanafunzi anayevuka uzio akawakuta watafiti kazini hujifunza mambo ambayo hayamo kwenye daftari la mwalimu. Ukiriguru, wilayani Misungwi, ni nyumbani kwa pamba. Mbegu zenye herufi UK zimechukua jina la hapo. Uyole, penye baridi ya Mbeya, kuna viazi mviringo na maharage. Igurusi, nayo mkoani Mbeya, iko jirani na mashamba ya mpunga ya Usangu, na sifa yake ni umwagiliaji. Ikiwa binti anatarajia kurudi kufanya kazi Kanda ya Ziwa, ningemwelekeza Ukiriguru. Ikiwa moyo wake uko kwenye mifereji na pampu, apande basi la Mbeya.

Hata hivyo, nendeni pamoja mkakione chuo, na mwombe mwenyeji aanzie shambani. Angalieni kama vitalu vina vibao vya majina ya wanafunzi, na kama mipini ya majembe imeng'arishwa na viganja. Niliwahi kutembelea chuo kimoja ambacho chumba chake cha kompyuta kilikuwa kinanukia rangi mpya, huku magugu ya shamba la mafunzo yakinifika kiunoni.

Nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) nikakosa udaktari. Nichukue kilimo SUA ili nisikae nyumbani?

Usichukue. Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, si kibanda cha kujikinga mvua, na kilimo si kapu la masazo ya fani nyingine. Ukijiona unawapenda wanyama kwa dhati, udaktari wa mifugo unafundishwa hapo hapo Morogoro kwa miaka 5, nao si mteremko.

Kuna tofauti gani kati ya agronomia, kilimo cha jumla na uchumi kilimo?

Agronomia inazama katika mazao na udongo wake. Kilimo cha jumla kinagusa mazao, mifugo na ugani, na kwa anayetaka kuwa afisa ugani ndicho ningekipendelea, kwa sababu kijijini ataulizwa habari za kuku asubuhi na za mihogo jioni. Uchumi kilimo ni hesabu na masoko. Anayekimbia hesabu asidhani amepata maficho.

Ila jina la shahada halimfundishi mtu kutazama. Msimu mmoja nilisimama katika shamba la mahindi Kilosa na mhitimu mwenye alama nzuri sana. Majani yalikuwa na matundu, na ndani ya moyo wa mmea kulikuwa na kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Akasema ni funza wa mabua. Mkulima, mama wa makamo, akamtoa kiwavi kwa kijiti, akatuonyesha alama ya Y iliyopinduka kichwani na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia: kiwavijeshi vamizi. Mhitimu alikuwa ameyasoma yote hayo kwenye slaidi.

Nataka stashahada ya afya ya wanyama. Niende Tengeru?

Tengeru ipi? Pale kuna chuo cha mboga, matunda na maua, na kuna kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo. Wewe unatafuta LITA, ambayo pia iko Mpwapwa na Buhuri, Tanga. Soma jina lote la chuo kabla ya kulipia ombi.

Chuo binafsi jirani kinasema usajili wake "uko njiani". Nilipe ada?

Hapana. Kwa astashahada na stashahada hakikisha kwa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na kwa shahada hakikisha kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Usiishie kwenye jina la chuo, kwani kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini programu unayoitaka haina idhini. Fedha ya ng'ombe aliyeuzwa hairudishwi na kitu kilicho njiani.

Nikimaliza, serikali itaniajiri?

Huajiri kwa awamu, kupitia Sekretarieti ya Ajira, na nafasi hazijawahi kuwatosha waombaji. Kiulize chuo wahitimu wake wa miaka 3 iliyopita wako wapi. Kikikujibu kwa majina ya maduka ya pembejeo, mashamba na vyama vya ushirika, kinawafuatilia watu wake. Kikikupa kipeperushi, endelea na safari.

Niende na vifaa gani?

Buti za mpira, jembe lenye mpini, na ovaroli mbili, kwa sababu wakati wa masika ile ya kwanza haitakauka.