Likizo ya Agosti milimani: chagua kwa mvua, si kwa umbali

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, watu wa Kisumu, Kakamega na Kitale huuliza swali lile lile: kwa nini tuhangaike kwenda hadi Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ilhali Mlima Elgon tunao hapa nyumbani? Ni swali la haki, lakini Agosti ndio mwezi ambao ukaribu hudanganya. Mvua ya magharibi mwa Kenya haifuati kalenda ya Nairobi. Wakati huo hewa yenye unyevu husukumwa kutoka bonde la Kongo, ikaongezewa maji na Ziwa Viktoria, na inapogonga Elgon hupanda, hupoa na kumwaga mvua, mara nyingi alasiri. Pita Trans Nzoia mwezi huo uone mahindi: bado yako kijani shambani, kwa kuwa mvua ingalipo. Ng'ambo ya Bonde la Ufa hali ni tofauti. Huko mvua ya masika imekwisha na ya vuli haijafika, na ndiyo sababu mwisho wa Agosti na Septemba ni msimu mzuri wa kupanda Mlima Kenya.

Kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta nini. Kama ni kilele, nenda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Kama ni msitu, mapango na hewa baridi pamoja na watoto, Elgon inatosha kabisa. Mwenye siku moja tu aende Longonot. Aberdare tutaifikia.

Elgon: ndiyo, lakini si kwa kilele

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wetu ilianzishwa mwaka 1968 na ina kilomita 169 za mraba. Lango linalotumika zaidi ni Chorlim. Asiye na gari apande matatu ya Endebess kutoka Kitale, ashuke kwenye njia panda ya hifadhi, kisha bodaboda imfikishe langoni. Ndani ya msitu wa chini kuna mitarakwa na podo wakubwa, mbega wanaoruka juu kwa juu, na mapango manne yanayojulikana zaidi: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Haya yote hayaharibiwi na mvua ya alasiri mradi utoke asubuhi. Saa moja uwe umeshakunywa chai na umeanza safari, saa saba uwe umerudi kwenye banda.

Kitum ndilo pango la kutolipita. Ndovu huingia humo usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, na kazi hiyo wameifanya vizazi kwa vizazi. Ukimulika ukuta moja kwa moja huoni kitu. Sogeza tochi ikae pembeni, karibu igusane na mwamba, mwanga upite kwa ubavu: hapo mikwaruzo ya pembe hujitokeza yote, mistari mirefu iliyopishana, mingine ikiwa juu ya kichwa cha mtu mzima. Kila mmoja awe na tochi mbili, kwa sababu ndani kuna mawe yaliyoanguka kutoka darini na nyufa za kumeza mguu. Nendeni na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Sasa la afya, na hili lisichukuliwe kwa wepesi. Mwaka 1980 mtu mmoja, na mwaka 1987 mwingine, waliugua homa ya Marburg baada ya kutembelea Kitum. Virusi vyake hubebwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Hiyo si sababu ya kulikimbia pango, ni sababu ya kuingia kwa utaratibu: viatu vya kufunika, barakoa, glavu, usishike ukuta wala kinyesi cha popo, usikae muda mrefu pale wanapojazana, na usile chochote kabla ya kunawa kwa sabuni. Watoto wadogo, ambao hushika kila kitu kisha wakatia vidole mdomoni, wabaki mlangoni na mtu mzima.

Koitobos, kilele cha upande wa Kenya, kina mita 4,222. (Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon, mita 4,321, kiko Uganda.) Wakati wa ukavu gari la 4x4 hufika Koroborte, juu ya mita 3,500, na kutoka hapo ni mwendo wa kama saa tatu kwa miguu. Agosti mpango huo huvunjikia barabarani. Udongo wa mlima huo ukilowa huwa utelezi mtupu, na hatari kubwa iko kwenye kushuka, pale gurudumu linapofungwa na breki lakini gari linaendelea kuteleza. Gari lisipofika Koroborte, safari ya siku moja hugeuka kuwa ya siku mbili, na alasiri hukukuta kwenye nyika ya juu isiyo na mti wa kujikinga, mvua ya mawe na radi vikiwa juu yako. Tunashauri Koitobos muiwekee Desemba hadi Februari.

Mnaokwenda na familia, ongezeni nusu siku ya Saiwa Swamp, pia karibu na Kitale. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita 3 za mraba tu. Hutembelewa kwa miguu, kwenye madaraja ya mbao juu ya kinamasi, na asubuhi na mapema au jioni mna nafasi ya kumwona nzohe, swala anayeishi kinamasini.

Mlima Kenya kupitia Sirimon

Njia ya Sirimon iko upande wa kaskazini-magharibi, ambako mvua ni kidogo. Chogoria, upande wa mashariki, ina mandhari mazuri kuliko njia zote, hilo hatubishi, ila Agosti mashariki na kusini mwa mlima hufunikwa na ukungu mzito. Naro Moru ni fupi, na ufupi huo ndio ubaya wake: unapanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea, tena unapita kwenye mteremko wa matope unaokula nguvu zote.

Kutoka Kisumu pitia Nakuru na Nyahururu hadi Nanyuki, na usiku wa kwanza lala Nanyuki. Usijaribu kutoka Kisumu na kulala mlimani siku hiyo hiyo. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, na mwili wako hauna habari yoyote ya mlima.

Mpangilio tunaoupendekeza ni wa siku tano. Siku ya kwanza unatoka lango la Sirimon, mita 2,650, hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Ni kilomita 9 za barabara, hazichoshi. Siku ya pili hamhami. Mnapanda polepole hadi mita 3,700 au 3,800, mnakaa kidogo, mnarudi kulala Old Moses. Siku ya tatu ni ndefu: kilomita 14 hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, kwa saa sita hadi nane. Siku ya nne pumzikeni hapo, mtembee kidogo tu. Siku ya tano mnaondoka saa nane au saa tisa usiku, mnafika kilele cha Lenana, mita 4,985, jua linapochomoza, kisha mnashuka. Vilele viwili virefu zaidi, Batian na Nelion, ni vya wakwea miamba wenye kamba.

Kuondoka usiku kuna sababu mbili. Changarawe ya juu huwa imeganda, kwa hiyo mguu haurudi nyuma kila hatua, na mawingu huwa hayajapanda. Anayeondoka saa kumi na mbili atatoka jasho mara mbili zaidi kwa mwendo ule ule na huenda asione chochote akifika.

Wengi hukata siku ya pili na ya nne ili kupunguza gharama. Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Kwa sababu hakuna kambi ya katikati kwenye njia hiyo ya kawaida, siku za kupumzika ndizo zinazolipia tofauti. Kama pesa hazitoshi siku tano, ni heri mwende mahali pafupi kuliko kwenda huko kwa siku tatu.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya chakula na kulala vibaya ni dalili za mwanzo: simama hapo ulipo, kunywa maji, usipande mpaka ziishe. Mtu akianza kuyumba, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, au akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msingoje asubuhi. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kabla ya safari, na isiwe kisingizio cha kukimbiza siku.

KWS hairuhusu mtu kupanda mlima huu peke yake. Chukueni kiongozi na wapagazi wenye vitambulisho, na mkubaliane kabla ya kuondoka kuhusu malipo ya siku, uzito wa mzigo na chakula chao. Angalieni pia wana makoti na mablanketi. Mpagazi anayetetemeka usiku Shipton ni jukumu lenu nyinyi mliomwajiri.

Longonot na Aberdare

Longonot ni rahisi kwa watu wa Nakuru: shika barabara ya Naivasha, kisha ile ya zamani ya Maai Mahiu. Kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko (shimo la volkeno), kisha kilomita 7.2 kuuzunguka, na kilele kiko kwenye mita 2,776. Jumla ni saa nne hadi sita. Njiani hakuna maji wala kivuli, hivyo kila mtu abebe lita 2 hadi 3. Vumbi la volkeno huteleza sana wakati wa kushuka, kwa hiyo viatu vya soli laini viacheni nyumbani. Wenye watoto wafike ukingoni, waangalie msitu ulio ndani ya kasoko, warudi. Mzunguko wote ni mrefu kwa mtoto wa miaka minane.

Aberdare tunaipenda, lakini Agosti tunaipa nafasi ya mwisho. Kuna ukungu, kuna baridi, na barabara za ndani zinahitaji 4x4 kweli kweli. Ukiwa nayo, na ukikubali kwamba maporomoko ya Karuru, mita 273 kwa hatua tatu, huenda yakafunikwa na wingu siku nzima, basi nenda. Kutembea kwa miguu kunahitaji askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati.

Koti, viatu na chakula

Vifaa vingi utavipata mtumba, soko la Kibuye mjini Kisumu au Nakuru mjini, kwa bei nzuri kama unajua kuangalia. Koti la mvua ligeuze ndani nje. Kwenye mishono kuna utepe mwembamba unaong'aa. Ukiwa umebanduka au unatoka kama ngozi ya kitunguu, maji yatapita hata kama kitambaa ni kizima. Kisha mwagia mkono wa koti maji kidogo: yakitiririka kama matone, chukua, yakizama, rudisha. Viatu vikunje, ubonyeze soli ya katikati kwa kidole gumba: ikipasuka au kumeguka, viache. Soli hizo za povu hufa kwa umri hata zisipovaliwa, na kiatu kinachoonekana kipya huweza kuachia soli nzima siku ya pili mlimani. Begi la kulalia huwa na nambari mbili za baridi. Ifuate ile ya starehe, si ya mwisho wa kuvumilia, na kwa Shipton iwe nyuzi 5 chini ya sifuri au baridi zaidi. Jinzi na fulana za pamba hazifai kabisa. Zikilowa hazikauki, na joto la hewa hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Maharagwe na githeri mbichi viacheni. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi, na joto hilo haliivishi nafaka ngumu hata ukimaliza gesi yote. Bebeni vilivyochemshwa nyumbani vikakaushwa, tambi, uji, omena wa kukaanga, na sukari ya kutosha kwenye chai.

Viingilio vya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, si kwa pesa taslimu. Angalieni bei za sasa huko huko, kwa kuwa hubadilika, na mlipe mkiwa bado mjini, maana mtandao wa malangoni hukatika. Pigeni picha ya risiti ibaki kwenye simu, na kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa ili alipe bei ya raia. Mabanda ya KWS hujaa Agosti kwa sababu ya shule kufungwa. Kama mnataka ya Elgon, lipieni tangu Juni.