Asilimia ya Mguu Uliopasuliwa Isikudanganye

Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti (ACL), ule ukano wa ndani ya goti unaounganisha mifupa, kila aliyenijulia hali aliniuliza imebaki miezi mingapi nirudi uwanjani. Miezi ina uzito wake, maana kurudia michezo ya kuruka na kugeuka ghafla kabla ya kutimiza miezi 9 tangu upasuaji huongeza hatari ya kuumia tena, lakini haionyeshi nguvu iliyomo pajani.

Mwanzoni angalia kama goti linanyooka. Lala kifudifudi, magoti yakiwa nje kidogo ya ukingo wa kitanda. Kisigino cha mguu uliopasuliwa kikibaki juu kuliko mwenzake, bado kuna kazi. Goti likivimba kesho yake baada ya mazoezi, mzigo ulizidi.

Baadaye huja kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja, ambapo umbali wa mguu uliopasuliwa hugawanywa kwa ule wa mguu mzima, kisha huzidishwa kwa 100. Wataalamu wengi hutaka angalau asilimia 90, na hapo ndipo wagonjwa wengi tunaposhangilia mapema. Mguu mzima nao hudhoofika katika miezi ya kupumzika. Tuseme kabla ya upasuaji uliruka sentimita 150 kwa mguu mzima, na sasa unaruka 130: mguu uliopasuliwa ukifika 117 utapata asilimia 90, ilhali ukilinganishwa na ule umbali wa awali ni 78 tu. Kwa hiyo, ikiwa bado unasubiri upasuaji, omba mguu mzima upimwe sasa na matokeo yaandikwe.

Umbali wenyewe pia huficha mambo, kwa sababu nyonga na kifundo cha mguu vinaweza kulibebea goti kazi yake. Mimi niliruka vizuri tu, lakini nilipoketishwa kwenye mashine na kutakiwa kunyoosha goti dhidi ya uzito, paja lilianza kutetemeka mapema, tena upande ule ule niliokuwa nikijivunia. Omba basi misuli ya mbele ya paja ipimwe peke yake, na mtaalamu wa fiziotherapia atazame unavyotua: je, goti linaingia ndani, au kiwiliwili kinaegemea upande mmoja? Mwambie pia kama unaogopa kutua kwa mguu huo, kwani hata utayari wa moyoni una dodoso lake, na majibu yake huzingatiwa kabla ya kuruhusiwa kurudi uwanjani.