Simu moja, kofia mbili: maneno kwa wadogo wanaoingia kwenye redaksio na komunikasio hapa Goma

Wadogo, kila kiangazi wanatufikia bastajeri (wanaojifunza kazi) wapya wawili watatu, na zamani swali lao la kwanza lilikuwa mikro iko wapi. Sasa hapana. Mtoto hajakaa kwenye kiti bado, anakuuliza "yaya, tufungue kwanza YouTube ao TikTok?" Sikatai, maswali yenyewe ni mazuri, lakini jibu langu ni refu ndiyo maana naandika hapa, mnisome pole pole.

Mimi nilianza staji 2011 kwenye redio moja ya hapa Goma, mashariki ya Kongo. Tulikuwa na diktafoni mbili kwa watu tisa, unajiandikisha kwenye daftari ili uichukue, na ukiirudisha betri zimekufa unatukanwa mbele ya watu. Unaenda Birere, unachukua sauti ya mama anayeuza makala (makala ya kuwaka jamani, si ya kusoma), unapanda moto (pikipiki) unarudi mbio, unapanga foleni kwenye kompyuta moja yenye Cool Edit, unakata, unapeleka kwenye jurnali ya saa sita na nusu. Moto ikikwama pale rond-point ya Chukudu, habari yako imelala mpaka jioni. Leo yule yule mama ana simu. Amerekodi mwenyewe, ametuma kwenye grupu tano, na dada yake aliye Kampala ameshatoa machozi kabla mimi sijavaa kiatu.

Kwa hiyo kuwa wa kwanza, sahau. Hiyo kazi tumenyang'anywa na haturudishiwi. Kilichobaki kwetu nilikielewa usiku mmoja tu.

Jumamosi 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikageuka nyekundu upande wa Nyiragongo, volkano yetu. Wenye umri wangu tulikuwa watoto 2002 wakati lava ilipopita katikati ya mji, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuelezwa, watu walikuwa tayari barabarani, wengine wanaenda mpaka wa Gisenyi na wengine wanashika njia ya Sake na magodoro kichwani. Simu yangu ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Foto, vokali (ujumbe wa sauti), video, zote "imetumwa mara nyingi". Moja nilikaribia kuisoma hewani: lava inakula lami, moshi mzito, nyumba pembeni, na maneno yanasema ni Majengo, hapa kwetu mjini. Fundi wetu wa sauti njo aliniokoa, akachungulia akasema "na hii kasanduku ka barua mbele ya nyumba, Majengo nani ana kasanduku ka barua?" Kweli, kulikuwa na kasanduku juu ya mti, na lami ina mistari miwili ya manjano katikati. Nikaitafuta kwa picha kwenye Google, dakika moja tu, ikatoka: Hawaii, mlipuko wa Kilauea wa 2018.

Badala yake nikampigia mtu mmoja wa Buhene. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu mwaka uliotangulia nilimhoji juu ya robine ya maji isiyotoka maji, habari ndogo kabisa, hakuna hata aliyeikumbuka. Akaniambia anaona moto kwa macho yake, barabara ya kwenda Rutshuru imekatika, na yeye anaondoka sasa. Hicho njo nilisoma, sentensi tatu, pamoja na kusema niliongea na nani na saa ngapi. Kesho yake watu walituambia wengi waliacha redio wazi usiku kucha, si juu tulikuwa na mengi, ila kichwa kilikuwa kinatulia kidogo wakitusikia.

Chukueni hiyo robine muiweke kichwani. Mtu mwenye simu anaona mbele yake tu. Wewe unatakiwa uwe na watu hamsini wanaoona mbele yao, na wanaopokea simu yako saa tano za usiku kwa sababu siku moja uliwapigia juu ya maji.

Siku tano baadaye, 27 Mei, gavana akatangaza kuhamisha kwartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji. Na hapo nikaona upande wa pili, upande wa watu wa komunikasio. Orodha ya kwartie ilipofika kwenye magrupu kama maandishi ya kunakili, kila mtu aliweza kuigusa, na nilipata matoleo mawili yasiyofanana kutoka kwa watu wawili wa familia moja, mmoja anafunga mizigo na mwingine anapika maharagwe. Ndiyo nawaambia nyinyi mnaoenda kwenye uhusiano wa umma, komunike yako usiiachie kama maandishi matupu. Itoe na muhuri ndani ya picha ao PDF, halafu mkubwa mwenyewe arekodi vokali ya dakika moja na nusu kwa Kiswahili chetu, sauti yake, ataje tarehe na saa. Sauti ya mtu anayejulikana si rahisi kuiongezea kwartie. (Najua kuna programu za kuiga sauti sasa, zinaendelea kuwa nzuri, lakini bado ni kazi kuliko kubonyeza kunakili.) Na Kiswahili chetu nimesema! Stajeri mmoja aliniletea komunike aliyoandikiwa na ChatGPT, safi kabisa, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, mama wa Ndosho angefikiri ni matangazo ya benki.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma, na njo sababu ya kichwa cha haya maneno.

Hapa Goma mishahara ya redio mnaijua. Kwa hiyo wengi wetu tunakuwa wanahabari asubuhi na mchana tunashika ukurasa wa Facebook wa shirika fulani, na zamani hiyo ilifichika, ulikuwa unabadilisha ofisi na shati. Siku hizi ni simu moja, kidole kimoja. Mwaka 2022 nilikuwa nashika ukurasa wa shirika moja, jina siliweki, lililokuwa linagawa maturubai kwa wahamaji (watu waliokimbia makwao) upande wa Kanyaruchinya. Mgawanyo ukaenda vibaya. Chini ya foto nzuri nilizopiga mwenyewe zikaanza kuja komenti, "jetoni yangu imesomwa lakini turubai sikupata", "jina la mke wangu limekatwa", mtindo huo. Mkubwa wa mradi akanipigia: toa hiyo uchafu. Nikaficha komenti kumi na nne, nikala, nikalala.

Kitu sikuwaza ni hiki: ukificha komenti pale Facebook, mwenye kuiandika bado anaiona, na marafiki zake wanaiona, ila wengine wote hawaioni. Kijana mmoja akaonyesha jirani yake, jirani akafungua simu yake, haiko. Wakaweka simu mbili kando kando, wakapiga foto. Na jina langu walilijua kwa sababu juma moja kabla nilijibu mtu kwa profili yangu badala ya ya ukurasa, nikafuta haraka, lakini si haraka ya kutosha.

Kesho yake asubuhi niko studio, kipindi cha simu wazi, mada ni misaada kwa wahamaji, na mimi njo mwenye mikro. Simu ya tatu: "Yaya, habari yako. Si wewe njo ulifuta komenti yangu jana saa mbili ya usiku? Niko nayo hapa." Hewani. Sekunde kama nne hivi sikusema kitu, na kwenye redio sekunde nne ni ndefu kama njia ya Bukavu wakati wa mvua. Mkurugenzi alinitoa kwenye kipindi miezi miwili, shirika nalo halikuongeza kontra, na lile turubai sijui kama yule kijana alilipata.

Kulikuwa na njia nyingine na haikuwa ngumu. Kwenye ukurasa ningejibu: pole, tuandikie namba ya jetoni kwa siri, orodha itapitiwa Alhamisi, atakayekupokea ni fulani. Halafu komenti zote kumi na nne ningezinakili nikampelekea mkubwa wa mradi, kwa sababu zile hazikuwa uchafu, ilikuwa ripoti ya bure ambayo mashirika wanalipia wataalamu kuja kuifanya. Na kwenye redaksio ningesema mapema: mada hii mpeni mwingine, mimi nakula upande ule. Inauma kusema, unaona kama unajivua nguo. Lakini ukisema wewe, ni habari ya dakika mbili kwenye mkutano wa asubuhi, wakisema wao inakuwa skrinshoti.

Juu ya kupaji, pesa anayopewa mwanahabari na anayetaka habari yake itoke, nitapita haraka, mnaijua. Ile bahasha ya "transipoti" baada ya konferansi imekuwa ujumbe wa M-Pesa ao Airtel Money unaoingia kabla hata hujaandika. Sitawadanganya kwamba sijawahi kuipokea. Nawaambia tu kwamba bahasha ilikuwa haina kumbukumbu, na M-Pesa ina tarehe, saa na jina. Nyinyi wa komunikasio msiitume. Mkitaka nafasi kwenye tovuti ya mtu nunueni tangazo, liandikwe tangazo, mambo yaishe.

Kuhusu mitambo yenyewe, machache ambayo ningependa mtu angeniambia. Foto ikitumwa kwa WhatsApp kawaida inabanwa inakuwa mbaya, na habari za ndani zake, tarehe na mahali, zinapotea, kwa hiyo mwambie aliyepo pale aitume kama dokumenti. Vokali ya WhatsApp ni faili la opus, mashine nyingi za studio zinalikataa, jifunzeni kuligeuza kabla ya saa ya jurnali, si wakati jeneriki, muziki wa kufungua habari, imeanza kupiga. Liki halilishi mtu: Januari 2018 Facebook walibadilisha mpangilio wao ili watu waone zaidi za marafiki kuliko za vyombo vya habari, na hakuna mhariri wa Goma aliyeulizwa. Linki nayo wengi hawaifungui, wamenunua mega za WhatsApp tu, kwa hiyo habari yote iwe ndani ya ujumbe wenyewe, na sauti isipite dakika mbili. Ukurasa uwe na waendeshaji wawili angalau, nimeona ukurasa wa maelfu ya watu ukifa kwa sababu mmoja aligombana na bosi akaondoka na neno la siri. Na redio msiizike, tafadhali. Tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi walikata intaneti nchi nzima, ikarudi karibu siku ishirini baadaye, hizo siku zote sisi wa FM tulikuwa wafalme tena.

Sheria pia mzisome, hata kama usingizi unakuja. Tangu 13 Machi 2023 hapa Kongo tuna sheria mpya ya vyombo vya habari inayohesabu na vya mtandaoni, na siku ile ile ikatoka Kodi ya Dijitali (mkusanyo wa sheria za mtandao, si kodi ya kulipa), ambayo inaweza kukushika hata kwa kile ulichosambaza tu. Stanis Bujakera, mwanahabari wa tovuti ya Actualite.cd, alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 juu ya makala ambayo hata jina lake halikuwa chini yake, akatoka gerezani Machi 2024. Yule ni mtu mwenye wafuasi wengi na mawakili. Wewe una nani?

Kazi zenyewe ziko wapi? Rafiki yangu wa Lubumbashi ananicheka, kwao mtu wa komunikasio anakula kwenye kampuni za migodi, sisi huku tumezoea mashirika. Januari 2025 ilitupiga mara mbili: tarehe 20 Marekani wakasimamisha misaada ya nje na kontra nyingi zikakatika kwa barua pepe moja, na kabla mwezi haujaisha vita ikaingia mjini. Hayo sitayaandika kirefu hapa. Niseme tu, msifanye laivu mkiwa bado mahali penyewe, rekodi, ondoka, kisha tuma, na wekeni ile namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp leo, si kesho. Waliobaki na kazi kati ya wenzangu ni wale wenye mikono miwili: anaandika jurnali, anajua kukata video ya kusimama wima, na anaweza kukaa na daktari mkubwa wa zoni ya afya akamfundisha kusema kwa dakika moja kile alichozoea kusema kwa saa nzima.

Kwa hiyo wale wawili wa mwaka huu, walioniuliza YouTube ao TikTok, nimewapa kila mmoja daftari la karatasi. Namba arobaini kabla ya Oktoba, na kila namba iandikwe huyu mtu anaona nini kutoka mlangoni kwake. Binti amefika ishirini na tatu, ya mwisho ni ya fundi wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) kule Ndosho anayejua bei ya kila kinachopanda na kushuka kwenye ile barabara. Kijana ana tisa, na sita kati yao ni za waimbaji. Jana ameniuliza tena juu ya YouTube, nimemwambia kwanza ampigie yule fundi.