Jeni za ukuaji na kansa ya ngozi kwa panya

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje jeni ya kumjenga mtoto tumboni ije ilete kansa ya ngozi kwa panya, na projekti uianzie wapi. Mi nakushauri shika moja tu, Ptch1. Hii ni breki, inaizuia protini inaitwa Smo isiwashe njia ya Hedgehog, yaani mfululizo wa ishara ndani ya seli, ule unaopanga vidole, uti wa mgongo na hata vinyweleo. Sasa panya wa maabara mwenye kopi moja nzima ya Ptch1 na moja mbovu anaishi tu, ila mmulike mionzi ya UV miezi mingi, kwenye seli fulani ile kopi nzima nayo inaharibika, breki imekatika, seli inaanza kugawanyika ovyo na vivimbe vinatokea kama vya kansa ya seli za besali (zile za chini kabisa kwenye tabaka la juu la ngozi) kwa binadamu. Na wengi wenye Gorlin, ugonjwa wa kurithi unaoleta kansa hiyo ya besali, wanarithi hitilafu hiyohiyo, ilijulikana 1996, dawa ya kuizima Smo, vismodegib, ikapitishwa Marekani 2012. Tafadhali usichanganye na kansa ya seli bapa inayowatesa sana ndugu zetu wenye ualbino, hiyo ni nyingine. Kwanza chora kwenye karatasi Ptch1 ikiibana Smo, ndo uandike.