Kuunda Sauti za Sintesaiza: Sikiliza Kwanza, Njia Uichague Baadaye

Kwa muda mrefu nilikuwa nikifungua sintesaiza (ala ya kielektroniki inayotengeneza sauti), nachagua sauti iliyokwisha kutengenezwa, nazungusha vifundo viwili vitatu, na bado sikupata kile nilichokisikia kichwani. Nilianza kufanikiwa pale nilipozoea kufuta kila kitu, nikabaki na wimbi moja tupu, kisha nikajiuliza: sauti ninayoitaka ina nini ndani yake, na hubadilika vipi tangu inapoanza hadi inapofifia?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia. Njia ya kupunguza, iliyotumiwa na sintesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, huanza na wimbi lenye haimoniki nyingi, yaani milio ya juu inayoambatana na noti ya msingi, kisha filta hukata zisizotakiwa. Wimbi la msumeno lina haimoniki zote, ilhali la mraba lina zile za namba witiri tu, ndiyo maana mlio wake una uwazi unaokaribia wa klarineti. Kwa besi sijaona njia iliyo rahisi zaidi.

Nilikwama nilipotaka kengele. Nilihangaika na msumeno na filta jioni nzima, na kila nilichokipata kilisikika kama kinanda badala ya chuma. Sababu ni kwamba haimoniki za msumeno ni vigawe kamili vya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) ya noti ya msingi, wakati masafa yaliyomo katika mlio wa kengele hayafuati mpangilio huo, na filta inaweza kupunguza kilichopo lakini haiwezi kukihamisha.

Hapo ndipo nilipoigeukia FM, yaani njia ya kuyumbisha masafa, ambayo John Chowning aliigundua katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, na ambayo Yamaha DX7 ya mwaka 1983 iliieneza kwa wanamuziki wengi. Katika njia hii, wimbi moja huyumbisha masafa ya jingine kwa kasi kubwa. Niliweka wimbi linalosikika kwenye Hz 200 na linaloyumbisha kwenye Hz 280, yakazuka masafa mapya kama Hz 480 na Hz 760, ambayo si vigawe vya 200, na chuma kikasikika papo hapo. Hata hivyo, mlio uling'aa kwa kiwango kilekile hadi mwisho, jambo ambalo kengele ya kweli haifanyi. Nikaipa nguvu ya kuyumbisha envelopu yake yenyewe, yaani mpangilio wa jinsi inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita, ishuke ndani ya sekunde 1, huku sauti nzima ikichukua sekunde 5 kufifia. Marekebisho hayo madogo ndiyo yaliyoipa uhai.

Njia ya kujumlisha, ambapo kila haimoniki huwekwa peke yake, hufundisha masikio vizuri sana, ingawa kupanga envelopu 30 moja baada ya nyingine kunachosha. Kwa nyuzi zinazodonolewa napendelea mbinu ya Karplus na Strong: kelele fupi huzungushwa katika ucheleweshaji mdogo, ikilainishwa kidogo kila mzunguko. Kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, ucheleweshaji wa sampuli 100 hutoa noti ya karibu Hz 440.

Kabla ya kuihifadhi sauti, icheze oktava mbili juu na mbili chini. Kengele yangu ilikwaruza masikio kwenye noti za juu, hadi nilipopanga nguvu ya kuyumbisha ipungue kadiri noti zinavyopanda.